Glasi Moja ya Jumamosi

Mimi ni mkali, na nalisema mapema ili mtu asije akadhani nimelificha. Wateja wangu wanalijua. Ukija kusukwa kwangu ukawa unatikisa kichwa, nakugonga na kitana nakurudisha mahali pako. Mdogo wangu wa kiume, ambaye anaziba pancha kwenye kona ya barabara kubwa na mtaa mzima unamwita Tairi, husema ningezaliwa mwanamume ningekuwa askari wa magereza. Anasema hivyo akiwa amesimama mahali ambapo mkono wangu haumfikii.

Jumanne hiyo nilikuwa na mteja chini, nusu ya kichwa imesukwa na nusu imesimama wima, Tairi alipoingia na karatasi ya rangi mkononi.

"Dada, soma."

"Mikono yangu unaiona iko wapi?"

Akaisoma mwenyewe, tena kwa sauti ya mtangazaji. Tamasha la vyakula na vinywaji la mkoa mzima, Jumamosi na Jumapili. Mabanda themanini. Wafuga nyuki, waokaji, watengeneza jibini, wasindika matunda, kahawa ya kuonja bure. Mji wenyewe ulikuwa mwendo wa saa tatu, na bosi wake alishakubali kumwazima gari.

"Twende na Baba," akamalizia.

Mteja wangu akaacha kutikisika. Watu wakitaka kusikia ya nyumba ya mwenzao huwa wanatulia vizuri sana.

"Baba yupi?" nikamwuliza. "Huyu wa mashine?"

"Tunaye mwingine?"

Hapo lazima nieleze hali ya Baba. Figo zake zilikufa miezi mitatu tu baada ya kustaafu. Kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa anakwenda hospitali, anachomwa sindano mbili mkononi, na kwa saa nne mashine inamtoa maji na uchafu ambao figo zingeutoa. Siku za katikati maji hayana pa kutokea. Akinywa, yanabaki. Yanaanza miguuni, yanapanda, na yakifika kwenye mapafu mtu anazama akiwa kitandani kwake. Kutoka Ijumaa mpaka Jumatatu ndio muda mrefu kuliko yote.

Nilimwona akizama mara moja. Alikuwa na miezi michache kwenye mashine, na wikiendi hiyo alikuwa amekunywa chai kwa majirani bila kuhesabu. Jumapili asubuhi nikamkuta amesimama dirishani, ameng'ang'ania nondo kwa mikono miwili, anavuta pumzi haziingii, midomo imebadilika rangi. Alitaka kuniita akashindwa. Tulimwahi, lakini picha ile haijanitoka, na sidhani kama itanitoka.

Sista wa wodi ya mashine alikuwa amempangia mililita mia saba kwa siku, kila kitu kikiwa humo: chai, mchuzi, maji ya kumezea dawa. Siku niliyomrudisha nyumbani kutoka kwenye kuzama kule, nilichukua jagi lake la plastiki nikapiga mstari mwekundu kwenye mia tano. Nikamwambia Sista amepunguza. Sista hakupunguza kitu. Nilipunguza mimi, kwa hofu yangu, na miezi ishirini ikapita Baba akinywa mia tano bila kulalamika. Hata Tairi sikumwambia.

"Nimesikia," Baba akasema. Alikuwa amesimama kwenye mlango wa chumba chake, suruali imemlegea kiunoni. "Karatasi hiyo nipe."

Baba alikuwa mpima mizani kwenye ghala la mazao, miaka thelathini na minne. Mzee Mizani, ndivyo walivyomwita. Wakulima walikuwa wakifika na magunia yao wanauliza kwanza kama yuko zamu, na kama hayuko wengine wanalala hapo hapo wamsubiri. Hakuwahi kupokea hata kikombe cha chai cha mkulima, kwa sababu alisema chai ya mkulima inaonekana kwenye mshale wa mizani. Sisi wanawe tulipokuwa tunagawana mkate alikuwa hatufokei. Alikuwa anauliza tu, taratibu, "Unampunja mwenzio?" na aliyekata kipande kikubwa anakirudisha mwenyewe.

Alichukua karatasi ile, akatafuta lenzi yake, akapita banda moja baada ya jingine. Kwenye namba arobaini na moja akasimama. Akaniomba kalamu yangu ya nyusi, ndiyo iliyokuwa karibu, akaizungushia duara.

Namba arobaini na moja alikuwa mzee mmoja mfuga nyuki. Kila msimu, akishapimiwa mzigo wake, alikuwa anamwekea Baba mezani glasi ndefu ya kinywaji cha asali na tangawizi, baridi, kina povu juu. Kila msimu Baba anaisukuma kwa kidole kimoja, inarudi. "Siku nitakayoacha kazi," alikuwa anamwambia. Msimu uliofuata baada ya kustaafu, Baba alikuwa ameshalala kwenye mashine.

"Nitakunywa glasi yake," Baba akasema. "Moja. Nzima."

Mteja wangu akageuza kichwa amtazame. Sikumgonga.

*

Jumatano, Baba akiwa kwenye mashine, nilimfuata Sista kwenye toroli la dawa. Nilikuwa nimejiandaa kukatazwa. Ningekuwa mkweli ningesema nilikuwa naomba nikatazwe.

"Mzee anataka kwenda tamasha la vyakula."

Sista akacheka. "Aende. Chumvi mwepushe. Ndizi na machungwa asiguse, viazi hapana, nyanya hapana."

"Anataka na glasi moja. Asali na tangawizi."

"Kubwa kiasi gani?"

"Nusu lita."

Akafungua daftari la Baba akatazama namba za wiki zilizopita. "Mpe. Siku hiyo vingine apunguze, Jumapili umbane kidogo, Jumatatu tutamwongezea nusu saa. Mzee wako ana nidhamu bwana. Humu ndani hakuna anayekuja na maji kidogo kama yeye. Sijui anawezaje."

Nilijua anawezaje. Nikamshukuru, nikarudi kwenye kiti changu.

Jioni tulikaa mezani, watu watatu, na daftari la hesabu la zamani la Tairi. Mipango mimi naijua. Safari itoke saa kumi na mbili asubuhi kabla jua halijakaza, maana jua huleta kiu. Chumba kiwe cha chini, choo ndani, vitanda viwili, mimi na Baba. Tairi atalala kwenye gari. Kiti cha kukunja. Mwavuli. Barafu kwenye chupa ya chai, vipande sita, kimoja kila baada ya saa mbili. Na kikombe cha plastiki cha dawa ya kikohozi, kile chenye alama ya mililita thelathini, ndicho kitakachokuwa kipimo cha kuonjea.

"Banda la kahawa, nusu kikombe," nikawa naandika. "Jibini asile, ina chumvi. Maziwa, aonje ateme."

"Dada," Tairi akasema, "tunakwenda tamasha au maabara?"

"Na namba arobaini na moja?" Baba akauliza.

"Kikombe kimoja cha dawa."

"Nilisema glasi."

Nilikuwa nimeinamia daftari, na nikabaki nimeinama. "Sista amekataa, Baba."

"Ulimwuliza vipi?"

"Kama ulivyosema. Glasi moja."

"Akasema nini?"

"Akasema hapana."

Uongo huo ulitoka laini kuliko nilivyotarajia. Nilikuwa nimekwisha piga simu hospitali ya mji ule kuuliza kama wana mashine, wakaniambia hawana. Kutoka huko mpaka kwenye mashine yetu ni saa tatu, na mimi nilikuwa nahesabu Baba anaweza kusimama dirishani dakika ngapi. Glasi ilikuwa nusu lita. Nusu lita ile nilikuwa naiona kifuani mwake.

Baba hakubisha. Angebisha ingekuwa nafuu, maana kwenye kubishana mimi sina mpinzani. Alisogeza tu kikombe cha dawa karibu na macho yake, akakipima kwa kukitazama, akakirudisha mezani.

"Sawa," akasema, akaenda kulala.

"Mkono wa birika wewe," Tairi akaninong'oneza. "Glasi moja tu, Dada. Baba ana miaka sabini na moja."

"Akizama utambeba wewe?"

"Nitambeba."

"Mara ya kwanza nilimbeba mimi," nikamwambia. "Wewe ulikuwa umelala." Akalifunga daftari lake, maana ilikuwa kweli.

*

Alhamisi Baba alipiga pasi shati lake jeupe na kung'arisha viatu mpaka akachoka, akapumzika, akaendelea. Jagi lake sikuliona likishuka. Saa tano lilikuwa vile vile, saa tisa vile vile. Nilipomwuliza akasema hana kiu leo. Nilifurahi, wala sikujiuliza. Nilimwambia, "Safi sana," kama ninavyowaambia watoto wanaokaa kimya nikiwasuka. Jioni nikalimwaga likiwa limejaa.

Sasa niseme jinsi uzito unavyopimwa pale wodini, maana kosa liko hapo. Vitanda ni kumi na viwili, wauguzi ni wawili, kwa hiyo wagonjwa wa zamani hupimwa na ndugu zao. Unamvua viatu, unamvua koti, unakagua mifuko, anapanda, unasoma, unaandika kwenye daftari lake. Sista anachukua namba hiyo, anaondoa ule wanaouita uzito mkavu, yaani uzito wa mtu asiye na maji ya ziada, na kinachobaki ndicho mashine inaagizwa kukitoa. Mkavu wa Baba ni kilo sitini na moja. Hakuna anayehakiki. Kwa mgonjwa mwingine ningeshangaa, lakini nani angemhakiki Mzee Mizani?

Ijumaa alivaa koti lake refu la ghalani.

"Koti, Baba."

"Nina baridi, mama. Toa nusu kilo ya koti, andika."

Tangu Jumatano jioni alikuwa hajaniita mama. Alikuwa ananijibu ndiyo na hapana, basi. Hilo neno moja lilinilainisha, na papo hapo simu ikaita, Tairi, akisema mwenye nyumba ya wageni anataka kujua tutafika saa ngapi. Nikawa nasoma mizani huku simu iko begani. Sitini na tatu nukta nne. Nikatoa nusu. Nikaandika sitini na mbili nukta tisa. Sista akaagiza mashine itoe lita moja nukta tisa, kiasi cha kawaida tu kwa mgonjwa yeyote, akaenda kwa mwingine.

Saa mbili na nusu baadaye nilikuwa kwenye benchi la nje nanakili orodha ya mabanda iwe safi, niliposikia kengele ya mashine na viatu vya Sista vikikimbia. Niliingia nikamkuta Baba ni wa kijivu. Macho yamegeuka juu, mguu mmoja umekakamaa unapiga godoro. Sista alikuwa anainua upande wa miguu wa kitanda kwa mkono mmoja na kufungulia chupa ya maji ya chumvi kwa mkono mwingine. Daktari akafika na shati limetoka nje ya suruali. Nikasikia wanatajiana presha, na ilikuwa namba ndogo kiasi kwamba nilidhani ni ya kitu kingine. Nilimwita Baba. Nilimwita kwa sauti ambayo wateja wangu hawaijui.

Ilichukua robo saa. Rangi ilirudi kwanza masikioni, kisha midomoni. Akafumbua macho, akatutazama mmoja mmoja kama anayehesabu kama tumetimia.

Miguu yake ilikuwa ya baridi. Nikachukua koti kwenye kiti nimfunike, likagonga chuma cha kitanda, na mgongano ule haukuwa wa nguo. Nikapapasa ndani. Kwenye bitana, mahali alipofumua na kushona tena kwa mkono, kulikuwa na mawe mawili ya mizani, ya nusu kilo kila moja, yamefungwa kwenye leso ili yasilie. Niliyajua. Alipewa siku ghala lilipohamia mizani ya umeme, na yalikuwa yamekaa juu ya kabati lake miaka yote.

Nilielewa kabla sijataka kuelewa. Mizani ikisoma kilo moja zaidi, mashine itatoa lita moja zaidi. Lita moja ikitoka, nafasi inapatikana: nusu lita kwa glasi ya mfuga nyuki, nusu lita kwa tahadhari. Na Alhamisi hakunywa ili nafasi iwe kubwa zaidi. Alikuwa amepiga hesabu yote kwa uangalifu wake wa siku zote, ila maji aliyotaka yatolewe hayakuwemo mwilini, na mashine ikayachota kwenye damu. Mtu aliyewahi kumfukuza mkulima ghalani kwa kuegemeza kidole kwenye sahani ya mizani alikuwa amekaa kitandani usiku anashona mawe kwenye koti.

Daktari alikuwa anapekua daftari. "Hajawahi kuanguka hivi," akasema. "Nadhani mwili wake umebadilika. Uzito wake mkavu tuupandishe, kuanzia Jumatatu tuuweke sitini na mbili. Na moyo tuupime."

Sista akaanza kuandika. Sitini na mbili maana yake ni kwamba kila atakapoteremka kwenye mashine atakuwa amebakiziwa lita moja ndani. Kila mara. Dirisha lile likanijia.

Baba alikuwa ameliona koti mkononi mwangu. Alinishika kiwiko kwa mkono usio na sindano, na mkono haukuwa na nguvu hata ya kushika.

"Mama," akasema chini chini. "Liache."

Tairi aliniuliza baadaye kwa nini sikumvuta daktari pembeni. Ningeweza. Korido ilikuwa hatua nne. Sikufikiria, kwa sababu mimi nikiwa na haki sijui kusema taratibu, na wakati ule nilijiona nina haki.

"Daktari, namba si ya kweli," nikasema. "Alikuwa na mawe." Nikayafungua kwenye leso nikayaweka juu ya meza yake ya chakula, moja, mawili.

Mgonjwa wa kitanda cha jirani aligeuza uso. Daktari akayainua akayatazama kwa chini, kama anayetafuta jina la mwenyewe. Baba alikuwa anaangalia dari. Sista hakukasirika. Alikaa ukingoni mwa kitanda.

"Mzee wangu," akasema, "kwa nini?"

"Nilitaka glasi moja."

"Glasi si niliruhusu?"

Nikaanza kulikunja koti.

"Nilimwambia binti yako Jumatano, pale kwenye toroli," Sista akaendelea. "Glasi nzima, Jumatatu tungekuongezea nusu saa." Akanigeukia. "Hukumwambia?"

Niliendelea kukunja koti, naye akamrudia Baba.

"Na jana je? Usiniambie hukunywa hata zile mia saba zako."

"Mia tano," Baba akasema. Alimrekebisha kwa upole, kama alivyokuwa akiwarekebisha makarani wapya. "Ulipunguza, Sista. Baada ya ile Jumapili."

"Sijawahi kupunguza, mzee. Ni mia saba tangu siku ya kwanza."

Daktari akapata ghafla jambo la kusoma kwenye daftari. Baba akageuza kichwa juu ya mto, polepole, akanitazama. Sikuweza kumwangalia machoni, nikawa naangalia midomo yake, na nikaona inatikisika bila sauti. Nilijua anafanya nini. Nimemwona akifanya hivyo maisha yangu yote.

"Miezi ishirini," akasema. "Siku mia sita. Mia mbili kila siku." Akapumzika. "Lita mia moja na ishirini. Ni madumu sita."

"Baba, niliogopa."

"Najua."

"Ulikuwa unakufa dirishani. Hukujiona. Mimi nilikuona."

"Najua, mama. Ungeniambia." Hakupandisha sauti. "Mimi nimedanganya mizani mara moja, na siku hiyo hiyo nimeanguka. Wewe umenipunja siku mia sita na mkono haukutetemeka."

Akafumba macho. Sista aliinuka akayakusanya mawe, akanipa. Sikujua niyaweke wapi, nikawa nimeyashika tu.

*

Walimruhusu Jumamosi saa sita mchana, kwa sharti asisafiri. Tairi alikuja na gari la bosi, ameliosha, viti amevitandika shuka. Alikuwa ameshawapigia watu wa chumba kwamba hatuji. Njia nzima Baba alikaa mbele, mimi nyuma na mwavuli na kiti cha kukunja, maana hakuna aliyekumbuka kuvitoa.

"Baba, tamasha liko mpaka kesho jioni," Tairi akasema. "Naweza kwenda mwenyewe asubuhi, nikamwona mzee wa nyuki, nikakuletea hata chupa. Sista hana neno."

"Usimsumbue. Glasi yangu nimeshapewa," Baba akasema. Akainua mkono wenye plasta. "Nusu lita, jana, kwa mshipa. Haina ladha."

Tairi akacheka, kisha akaacha. Mimi sikucheka. Jioni ile Baba alinijibu kila nilichomwuliza, kwa adabu kamili, kama anayejibu mtu wa ofisini. Ukali wangu wote ulikuwa umeniishia, na sikuwa na kitu kingine cha kushika.

Jumapili asubuhi nilichukua pamba na dawa ya kufutia rangi ya kucha nikafuta mstari mwekundu kwenye jagi. Nikapiga mwingine kwenye mia saba. Nikalijaza mbele yake, nikaliweka kwenye stuli.

"Mia saba, Baba. Pima mwenyewe."

Aliinama, akafumba jicho moja, akaleta jicho la pili sawa na maji. Akatikisa kichwa kukubali. "Zimetimia," akasema.

Alikunywa kwa saa zake zote, funda funda, analowesha midomo kwa ncha ya kidole. Nilipokwenda kulichukua jagi jioni, lilikuwa na maji. Nililiinua kwenye mwanga. Mia mbili, sawasawa.

"Umebakiza, Baba."

"Najua."

"Ni yako hayo. Ni haki yako."

"Najua ni yangu." Alikuwa anakunja shati lake jeupe ambalo hakulivaa. "Nimeshazoea mia tano, mama. Hizo nyingine sijui nizinywe saa ngapi."

Ningependa kusema alisema kwa hasira. Hakuwa na hasira. Alitafuta kweli saa ya kuzinywa, na hakuiona.

Jumatatu Sista alimpima mwenyewe, kwa gauni la wodi, akamsifu kwa namba nzuri. Tangu hapo ni wiki ya tano. Kila asubuhi nampelekea mia saba, anaipima, anakubali. Kila jioni nazikuta mia mbili zangu ndani ya jagi. Kuzinywa siwezi. Kuzimwaga siwezi akiwa ananitazama, kwa hiyo nasubiri aingie chumbani kwake, ndipo nafungua bomba lipige kelele, namwaga.